Nani Anamhitaji Nani

Katika mabonde ya Nepal, wakulima wa mpunga wamezoea kujenga mabanio ya mito kwa magogo, mawe, matawi na udongo. Msimu wa mvua ukifika mto hufura na kuzoa banio lote, au nusu yake. Maji yakipungua, watu wa vijiji vinavyotumia mfereji huo hurudi mtoni kuanza upya. Wengine huburuta magogo, wengine hubeba mawe, wengine huzama hadi kiunoni wakipanga matawi kwenye mkondo. Mhandisi akipita hapo huona tatizo ambalo jibu lake liko wazi: saruji, nondo na lango la chuma. Kazi ifanywe mara moja, wakulima wapumzike na adha ya kila mwaka.

Mabanio mengi yalijengwa hivyo, kwa fedha za serikali na za wafadhili. Kisha akaja Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Yeye na wenzake, akiwamo Wai Fung Lam, walikusanya taarifa za skimu zaidi ya 100 za umwagiliaji nchini Nepal na kulinganisha zinazoendeshwa na wakulima wenyewe na zinazoendeshwa na idara ya serikali. Kwa wastani, skimu za wakulima, nyingi zikiwa na mabanio ya magogo na udongo, zilifikisha maji hadi mwisho wa mfereji kwa uhakika zaidi na zilivuna zaidi.

Siri ilikuwa ndani ya adha yenyewe. Mwenye shamba karibu na banio hupata maji kabla ya wenzake, na hakuna kinachomzuia kuyatumia yote. Lakini banio likizolewa, yeye na majirani zake wa juu hawatoshi kulisimamisha tena. Wanahitaji mikono ya watu wa mwisho wa mfereji, na watu wa mwisho hawawezi kutoa jasho kwa mfereji usiowafikishia maji. Kwa hiyo kila mwaka, kabla gogo la kwanza halijashuka mtoni, ilibidi watu wakae chini wakubaliane zamu za maji, siku za kazi na faini ya mtoro. Banio la saruji lilipokamilika, watu wa juu hawakumhitaji mtu yeyote tena. Watu wa chini walibaki na mashamba makavu, na hawakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Katika kazi yake yote hakuna mahali aliposema saruji ni mbaya, na msomaji asiisome hivyo. Miaka ya 1980, katika bonde la mto Indrawati, mradi mmoja ulizisaidia skimu 19 za wakulima kwa vifaa na ujenzi wa kiasi. Kabla ya ujenzi, wakulima walipelekwa kuona skimu nyingine zilizoendeshwa vizuri, wakajifunza kwa wakulima wenzao. Wao ndio walioamua kipi kijengwe kwanza, na makubaliano ya maji yakaandaliwa pamoja na mabanio. Skimu nyingi kati ya hizo ziliimarika. Mhandisi wa saruji alikuwa amepima upana wa mto, kasi ya maji na uzito wa ukuta, na vipimo vyake vilikuwa sahihi. Ila mchoro wake haukuwa na mahali pa kuandika nani anamhitaji nani, na ndani ya jamii ya watu, hilo ni sehemu ya mtambo sawa na ukuta na lango.

Kosa la namna hiyo lilikaribia kufanyika Kenya, kwenye jambo ambalo leo limo katika simu za watu wengi.

Oktoba 2005 timu ndogo ya kampuni za Vodafone na Safaricom ilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu jijini Nairobi na mjini Thika. Waliobeba wazo hilo walikuwa Nick Hughes na Susie Lonie, na sehemu ya fedha ilitoka kwa idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia misaada ya maendeleo. Maduka yalikuwa manane, wateja hawakufika 500. Kusudio halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo, kwa ushirikiano na taasisi ya Faulu Kenya.

Aliyewahi kukaa katika kikundi cha mikopo anajua mkutano wake ulivyo. Wanachama huketi, jina huitwa, fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Anayekosa marejesho hueleza kilichompata, na wenzake huchanga kumfunika au humbana. Hakuna hati ya nyumba wala kadi ya gari. Dhamana ya mkopo ni watu. Ukimtazama kwa jicho la mtengeneza programu, mwanachama huyo anapoteza nusu siku kwa kazi ambayo simu inaimaliza kwa sekunde chache. Simu ikafanya kazi hiyo, na ikaifanya vizuri. Hapo ndipo wasiwasi ulipoingia. Mtu aliyekwisha kulipa akiwa dukani kwake, aende mkutanoni kufanya nini? Asipoonekana mkutanoni, wenzake watajuaje kwamba biashara yake inayumba kabla deni halijawaangukia? Juu ya hayo, vitabu vya hesabu vya mkopeshaji havikuoana na mfumo mpya, ikabidi watumishi walinganishe kwa mkono.

Wakati huohuo wateja walikuwa wakiitumia huduma kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Walinunua muda wa maongezi na kuwatumia ndugu zao vijijini. Wafanyabiashara walilipana. Msafiri aliweka fedha kabla ya kuondoka na kuzitoa alikofika, asibebe noti njiani. Wapo waliomlipia mtu mkopo wake kama ujira wa kazi aliyowafanyia. Wabunifu walikuwa na hiari ya kuyaita hayo matumizi mabaya na kuyafunga. Sifa yao kubwa ni kwamba waliyatazama kwa makini. Huduma hiyo ilipozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na tangazo lilizungumzia jambo moja tu: kutuma pesa nyumbani.

Kijana wa mjini na mzazi wake wa shamba walikuwa na mfumo wao kabla ya simu. Pesa zilipita kwa dereva wa basi, kwa jirani anayekwenda likizo, kwa hawala ya posta. Zilichelewa, na mara nyingine zilipungua njiani, lakini zilikwenda, kwa sababu waliofungana kwa damu na wajibu hawakuacha kuhitajiana. Jaribio la kwanza lilikuwa limegusa uhusiano na kuanza kuulegeza. Huduma iliyozinduliwa iliushika uhusiano uliokuwapo na kuuondolea umbali. Mwaka 2007 haujaisha, waliojiandikisha walikuwa wamevuka milioni moja.

Hata dukani, mtambo ulishonwa juu ya watu. Wakala wa M-Pesa mtaani alikuwa mwenye duka ambaye wateja wake walimjua tayari. Aliandika kwenye daftari tarehe, jina, namba ya kitambulisho na kiasi. Mteja akatia sahihi. Ujumbe ukalia kwenye simu zote mbili, na hapo ndipo noti zilipobadilisha mikono. Wachumi William Jack na Tavneet Suri walifuatilia familia za Kenya kwa miaka kadhaa. Waligundua kwamba familia zenye M-Pesa zilipokumbwa na ugonjwa au hasara, matumizi yao hayakuporomoka kama ya wenzao, kwa sababu msaada uliwafikia kutoka kwa watu wengi zaidi na walio mbali zaidi. Mwaka 2016 walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imezitoa familia zipatazo 194,000 katika umaskini. Kamba za kusaidiana zilikuwapo tangu zamani, na bila hizo simu isingekuwa na cha kubeba.

Uhusiano uliokuwapo ulibeba kazi nyingine nchini Zimbabwe. Mwaka 2005, operesheni ya serikali ya kubomoa makazi na vibanda vya biashara mijini iliwaacha watu wapatao 700,000 bila nyumba, bila riziki, au bila vyote viwili, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alitaka kuwasaidia wakazi wa Mbare, mtaa wa Harare. Hakupewa wauguzi, kwa kuwa walizidiwa na kazi. Hakupewa hata chumba. Alichopewa ni wanawake wazee 14 waliokuwa wakijitolea katika huduma za afya mtaani, na uwanja wa nje. Benchi la mbao likawekwa chini ya mti.

Mpango wa awali ulikuwa wa kidaktari, hata jina la benchi lilitaja afya ya akili. Mabibi walimwambia Chibanda kwamba hakuna mtu wa Mbare atakayekaa hapo akionekana, na benchi likapewa jina la urafiki. Walikuwa wakiishi humo, wakijua nani amefiwa, nani ameachwa, nyumba ipi hailali. Walijifunza mbinu ya mazungumzo ya hatua kwa hatua: mgonjwa ayataje matatizo yake, achague moja, atafute njia ya kulikabili, arudi aeleze lilivyokwenda. Mbinu hiyo inafundishika kwa muda mfupi. Lakini kumfanya mama wa miaka 30 akubali kusema nyumbani hakuna chakula na usiku anawaza kufa, hilo kijitabu cha mafunzo hakilitoi. Linatokana na umri wa bibi, na jinsi anavyomwita aliye mbele yake mwanangu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliokaa na mabibi, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14. Kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa takriban asilimia 50. Waliomaliza mazungumzo huunganishwa na vikundi ambako hukutana wakifuma mikoba huku wakisemezana. Kwa hiyo anayetoka kwenye benchi haondoki mikono mitupu: nyuma yake kuna watu wanaomtarajia tena.

Mfano ulio mzito kuliko yote uko Shinyanga, Tanzania.

Wasukuma ni wakulima na wafugaji, na katika nchi yao kavu waliweka utaratibu wa ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha ardhi hufungwa, mifugo isiingie. Nyasi hukua chini ya migunga na miti mingine. Kiangazi kikishabana, malisho ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa, mara nyingi kidogo kidogo, ili ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wapate nguvu kabla ya msimu wa kulima. Zipo ngitili za familia na za jamii. Mara nyingi hakuna ukuta wala seng'enge. Mpaka unajulikana, na unalindwa na macho ya majirani.

Utaratibu huo ulipigwa mara kadhaa, na kila pigo lilikuja na nia njema mfukoni. Utawala wa kikoloni ulifyeka mapori makubwa kuanzia miaka ya 1920 kupambana na mbung'o. Pamba ikapanua mashamba. Mwaka 1963 Tanganyika ikaondoa mamlaka ya watemi, na sauti iliyosimamia sheria nyingi za ardhi ikapotea bila mrithi aliye wazi. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, familia zikahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Mpango wa vijiji ulikuwa na hesabu ya shule, zahanati na visima, na haya yalikuwa mahitaji ya kweli. Lakini mtu aliyehamishwa kilomita nyingi aliiacha ngitili yake bila macho ya kuilinda. Huko alikofika alikuta majirani wapya, ambao hawakuwa na makubaliano yoyote naye juu ya nyasi za nani ziguswe lini. Ndani ya miaka michache, ardhi ambayo watu walikuwa wakiwekeana mipaka ikawa ya anayewahi. Miti ikaisha. Wanawake wakatembea saa kadhaa kutafuta kuni, na samadi ikachomwa badala ya kwenda shambani. Mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, baadaye kwa msaada wa Norway na utaalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Wataalamu walianza na walichokijua: vitalu vya miche, pamoja na miti ya kigeni. Kupanda miti kuna mvuto wake kwa ofisi, kwani miche inahesabika na ripoti inaandikika. Mradi ukageuka pale watumishi wake walipokaa na wanakijiji kuwauliza ni miti ipi wanaihitaji na zamani waliilinda vipi. Majibu yaliwarudisha kwenye ngitili. Ardhi ikifungwa, migunga huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizolala udongoni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu: kukubaliana wapi pafungwe, nani alinde, na anayevunja afanywe nini.

Kwa kazi hiyo HASHI iliegemea vyombo vilivyokuwapo. Ilitumia dagashida, baraza la jadi ambalo wanajamii hukutana kuweka sheria na kutoza faini, na sungusungu, walinzi wa jadi waliopata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakipambana na wizi wa ng'ombe. Serikali za vijiji zikatia mkono. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa hakusubiriwa na askari wa misitu kutoka wilayani. Alisubiriwa na watu atakaowahitaji wiki ijayo kwenye msiba, kwenye kulima, kwenye mahari ya mwanawe.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na eneo la hekta takriban 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, ulioongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine na kuchapishwa mwaka 2005, ulithaminisha kuni, malisho, dawa, asali, nguzo, matunda na maji yatokanayo na ngitili kuwa takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Ndege walirudi. Fisi nao walirudi, na wanyama wengine wakawa wanaharibu mazao, jambo ambalo wakulima hawakulifurahia.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo waandishi wa ripoti za mafanikio huipitia juu juu, na haifai kupitiwa hivyo. Kujenga juu ya uhusiano uliopo ni kuubeba na dhuluma zake. Sungusungu waliolinda migunga ndio hao hao waliolaumiwa, sehemu mbalimbali za Usukuma, kwa kuwapiga watuhumiwa na kuwaandama wanawake wazee walioitwa wachawi. Mabaraza yaliyoweka sheria za ngitili yalitawaliwa kwa muda mrefu na wanaume, ingawa aliyetembea kutafuta kuni ni mwanamke. Kaya zenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa zikawa na ngitili kubwa za binafsi, zikauza malisho. Maskini akabaki akitegemea ngitili ya kijiji. Mtu anayemhitaji jirani yake kuliko jirani anavyomhitaji huwa na sauti ndogo barazani, hata baraza likiwa la kwao wote.

Mabibi wa Mbare walikuwa na heshima ambayo watu waliwapa kwa hiari. Mjane wa Shinyanga asiye na ng'ombe hakuwa nayo, na hakuna mkutano wa kijiji ambao ungemzawadia hivi hivi. Hapo inabidi sheria ya nchi iingie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeagiza Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Pia imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji. Viti vitatu ni hatua ya usanifu kabisa, sawa na kuamua upana wa mfereji, kwa sababu vinabadilisha nani anapaswa kusikilizwa kabla uamuzi haujapita. Vinaweza pia kubaki vya kujaza karatasi, iwapo wanaovikalia wanategemea kwa kila kitu wanaume wanaokaa viti vinne vilivyobaki.

HASHI ilifika mwisho wake kama mradi mwaka 2004. Watu na mifugo wameendelea kuongezeka, na ngitili za jamii ndizo zinazobanwa kwanza kipande cha shamba kinapotafutwa. Katika vijiji hivyo, wanaojadili leo ngitili ya pamoja igawanywe au ibaki wanaamua mambo mawili kwa mpigo: ardhi iende kwa nani, na mwenye ng'ombe mia moja aendelee au aache kumhitaji asiye na hata mmoja.